Dinah Mkamburi, Aliyetufundisha Kutazama Fizi

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Dinah Mkamburi, afisa wa afya ya kinywa katika kituo chetu cha afya hapa Voi, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wengi wetu tulimkuta hapa. Baadhi ya wauguzi walio zamuni leo waliwahi kuketi kwenye kiti chake wakiwa watoto wa nasari, wakalia kabla hata hajawagusa.

Alifika mwaka wa 1991, moja kwa moja kutoka chuoni. Alikuwa msichana wa Mgange aliyezoea baridi ya milimani, akalalamikia joto la Voi mwaka mzima, kisha akanyamaza. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya magodoro. Kiti cha wagonjwa hakikulala wala kusimama sawasawa, kwa hiyo warefu walijikunja na wafupi wakakalia mto.

Siku hizo watu walimjia kwa jambo moja tu: kung'oa. Mtu aliingia ameshika shavu, akaonyesha kwa kidole, akatoka na pamba mdomoni. Fizi hazikuwa shida ya mtu yeyote. Zikitoa damu wakati wa kupiga mswaki, dawa ilikuwa kuacha kupiga mswaki. Dinah alimpa kila mgonjwa kioo kidogo, akamwelekeza mahali pa kutazama. "Damu hii hailetwi na mswaki," alikuwa akisema. "Inaletwa na huu ukoga uliokaa hapa chini. Ukiacha kusafisha, umeujengea nyumba."

Hakungoja watu wamfuate. Kule Mahoo, upande wa Taveta, alikuta watu wanaofunika midomo kwa viganja kwa aibu ya madoa ya kahawia yanayotokana na maji ya visima. Aliwaambia wasijichukie kwa ajili ya rangi, akaanza kuwauliza kuhusu fizi. Mama mmoja alimkatiza, akasema yeye amekuja kufanywa meno meupe na mahubiri atayasikia Jumapili. Dinah alilisimulia hilo kila mwaka kwenye chai ya Krismasi, na kila mwaka alicheka kuliko sisi.

Mimi, Rita, niliajiriwa mwaka wa 2006 kama muuguzi wa kliniki ya sukari, mlango unaofuata. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Dinah akiona mtu ambaye si mzee sana lakini fizi zina usaha na meno yanacheza, aligonga mbao, nami nikajua kuna mtu wa kupimwa sukari. Mimi nikiwa na mgonjwa ambaye sukari yake inakataa kushuka ingawa anameza dawa vizuri, niligonga, naye akamwangalia kinywa. Daktari wetu aliupenda mpango huo, akaufanya utaratibu wa kituo. Leo kuna ukuta wa mawe na simu ya mezani. Nakiri naukumbuka kwa hamu ule ubao.

Alinieleza mambo kwa lugha ninayoitumia hadi leo. Sukari ikiwa juu, mwili unashindwa kupigana na wadudu wa fizi. Fizi zikivimba bila kupona, sukari nayo inakuwa ngumu kutulia. Kina mama wajawazito alitaka wamwone mapema, maana mimba hufanya fizi zivimbe upesi. Aliuliza kila mtu anatumia dawa gani, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na za kifafa hunenepesha fizi. Kuhusu moyo alikuwa mwangalifu. "Wenye ugonjwa wa fizi wengi wana ule wa moyo pia," alisema, "lakini bado haijathibitishwa kwamba mmoja ndio unaoleta mwingine. Usiwatishe watu kwa jambo tusilolijua."

Tumbaku ndiyo ambayo hakuionea huruma. Sigara, ugoro, ya kutafuna, zote aliziweka kapu moja. Wazee walizima sigara wakimwona anakuja getini. Kumbe mvutaji mmoja alikuwa haguswi na maneno hayo, na alikuwa mumewe, Donald Mwandawiro, fundi wa magari katika ranchi moja upande wa Ndara. Ninalolisimulia hapa, Mzee Donald ameniruhusu mwenyewe.

Mwaka wa 2014 binti yao, Loise, aliolewa kule Wundanyi. Jumatatu iliyofuata Dinah alikuwa akifua nguo za harusi, akahisi kitu kigumu kwenye mfuko wa shati la mumewe. Lilikuwa jino. Akalisuuza, akaligeuza mkononi. Halikuwa na tundu hata moja, lakini mzizi ulikuwa umegandamana na ukoga mgumu mweusi. Mtu mwingine angeona jino tu. Yeye aliona ugonjwa wa miaka mingi.

"Baba Loise, hili ni nini?"

"Si ni jino tu."

"La nani?"

"La mbuzi. Ile nyama ya Jumamosi."

"Huyo mbuzi alikuwa anavuta sigara?"

Donald akacheka, na alipocheka akafunika mdomo kwa mkono. Hapo ndipo Dinah alipotambua kwamba mumewe alikuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu. Akakumbuka mahindi ya kuchoma aliyoyakataa, na pure, ile ya mahindi na maharagwe, aliyosema inamsumbua tumbo. Akakumbuka jinsi alivyoomba kimanga, chakula laini cha kupondwa, karibu kila jioni, naye akampondea kwa furaha, akidhani mwenzake anakumbuka mapishi ya marehemu mama yake.

Akamwuliza kwa nini hakusema. "Ningesema nini?" Donald akajibu. "Kaunti nzima inakusikiliza. Niwe mimi yule mmoja asiyesikia? Halafu ulifundisha kwamba dalili ni damu. Zangu hazikuwahi kutoa damu."

Na alisema kweli. Sigara hupunguza damu kwenye fizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuoza chini kwa chini huku juu pakiwa pakavu. Dinah alikuwa ameyasema hayo katika mabaraza yote ya Voi. Nyumbani hakuwahi.

Wiki ile hakugonga ubao. Nilipoingia kumsalimia nilimkuta anapanga vifaa vilivyokwisha kupangwa. Akaniambia anataka kuomba ahamishiwe ofisini, mbali na wagonjwa. "Rita, watu nitawaambia nini? Kwamba nimelala na ugonjwa huu kitanda kimoja na sikuuona?" Nikamwambia tu, "Mlete kwanza Baba Loise atibiwe. Hayo mengine tutayaongea."

Donald alikataa kutibiwa Voi, mahali ambapo kila aliye kwenye foleni anamjua. Dinah akampeleka Mwatate kwa Titus, daktari wa meno aliyesoma naye. Titus alimwangalia kinywa kwa utaratibu, kisha akamwambia akapimwe sukari. Ndivyo Mzee Donald alivyokuja kuketi mbele yangu jioni moja, foleni ikiwa imekwisha, kofia mapajani. Sukari ilikuwa juu vibaya. Nilimuuliza kama miguu inakufa ganzi, akasema ndiyo, ila aliamini ni buti za kazi. Dinah alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje, akarudi baada ya kunawa uso.

Safari ya kupona haikuwa fupi. Meno ya mbele ya chini hayakuokolewa. Mengine yalisafishwa hadi chini ya fizi kwa awamu, akafundishwa upya kupiga mswaki, mtu mzima wa kuitwa babu. Alianza dawa za sukari na kupunguza chai ya sukari nyingi. Sigara aliiacha, akairudia, akaiacha, akaninunia, akaiacha tena. Polepole fizi zikakaza na sukari ikaanza kutulia. Dinah alikataa tuzipe fizi sifa zote. Dawa, chakula na kuacha sigara vilifanya kazi yao, alisema, na fizi nazo zikachangia.

Lakini bado hakuwa amerudi kwenye mafunzo ya vijijini. Ya Kasigau aliyaahirisha mara mbili. Mara ya tatu Donald akasema gari ataendesha yeye, kwa kuwa barabara ile anaijua, nami nikapanda nyuma. Tulikwama kwenye mchanga kabla ya Rukanga. Tulipofika zahanati tulikuta watu wachache, maana ndovu walikuwa wameingia mashambani na wengi walikuwa bado wanakusanya mahindi yaliyobaki. Tulingoja. Walipokuja, wakiwa wamechoka, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, Dinah alisimama, akafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka.

Donald akanyanyuka. Akatoa meno yake ya bandia, akayashika juu ili wote wayaone.

"Mimi ni mume wa daktari wa meno," akasema, maneno yakipuliza upepo penye pengo. "Haya ni ya plastiki. Yangu yameenda na sigara. Mke wangu aliwafundisha nyinyi, mimi nilikuwa nje navuta. Msingojee damu. Mimi sikuona damu."

Kicheko kikalipuka, na yeye akacheka nao bila kufunika mdomo. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Daktari, kumbe hata kwako hawasikii?"

"Hata kwangu, mama," Dinah akajibu. Sauti ilikuwa imerudi. "Ndiyo maana nimekuja tena."

Siku hiyo wazee wa ugoro walipanga foleni pamoja na wajawazito, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Wawili kati ya waliopimwa walikuwa na sukari na hawakujua. Habari za kuhamia ofisini hazikusikika tena, na kwa miaka iliyofuata Kasigau ilitembelewa na wote wawili, mke akiwa na vifaa, mume akiwa na meno yake mkononi.

Wiki iliyopita alimkabidhi chumba kijana wetu mpya, Bravin. Nilipita nikachungulia. Dinah alikuwa amelala kwenye kiti cha wagonjwa, kipya, kile kinachopanda na kushuka kwa kitufe. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa upande ule wa taa. Bravin alikuwa amesimama na kioo, mikono haijui ianzie wapi.

"Anza na fizi, mwanangu," akamwambia, akafungua kinywa.

Mama Loise, kwa niaba ya wafanyakazi wote na wagonjwa waliobaki na meno yao, asante. Asante pia kwa Mzee Donald kwa kukubali tuyaeleze haya mbele ya watu. Mkarudi Mgange salama, shamba liwapokee, baridi isikusahau. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, usingizi usiokatizwa na simu ya kazi, na wajukuu wa kukusumbua.