Mwalimu Bonifasi na Swali la Visanduku Tisa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Hisabati hapa shuleni kwetu Ujiji, Mwalimu Bonifasi Ruhaga anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliripoti Julai 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Wembamba umekwisha, vitabu bado vipo.

Amekuwa mkuu wa idara tangu 2003, mwalimu wa taaluma kwa vipindi viwili, na mpiga kengele wa kujitolea kila saa ya ukutani ilipogoma. Huja kwa baiskeli kutoka Mwandiga na hajawahi kuchelewa, jambo linalotuudhi sisi tunaokaa nyumba za shule na kuchelewa. Akiwa na furaha hutania kwa Kiswahili. Akikasirika huhamia Kiha, na hapo hata Waha wenzake hunyamaza. Husahihisha kwa kalamu ya kijani, eti nyekundu inatisha watoto. Tuliopita mikononi mwake tunajua kwamba sifuri ya kijani nayo inauma.

Mimi ninayeandika, Winfrida Gasper, ni mwalimu mwenzake leo, lakini mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Wenzangu wamenipa kazi hii wakijua nitaeleza habari ya visanduku tisa. Basi naieleza.

Kila siku ya wazazi Mwalimu alitoa swali moja la mashindano, kisha akasoma alama kwa sauti mbele ya wazazi wote. Mwaka ule alituchorea visanduku tisa, mistari mitatu ya visanduku vitatu. Tupange namba 1 hadi 9 ili jumla ya kila mstari iwe shufwa, yaani igawanyike kwa mbili. Wenzangu walijaza na kufuta. Mimi niliandika kwamba haiwezekani, na chini yake sababu katika mistari miwili.

Mwalimu aliona neno haiwezekani, hakuendelea kusoma. Alinipa sifuri na akaisoma hadharani, pamoja na maoni yake kwamba niache uvivu. Baba yangu, Mzee Gasper, alikuwa amekuja na boti kutoka Kagunga, ametoka kwenye uvuvi kwa ajili yangu. Alisema hakuacha nyavu zake aje kusikia sifuri. Siku hiyohiyo alibeba godoro langu. Nilikuwa narudi nyumbani kuanika dagaa, na shule ndiyo ilikuwa imekwisha. Nililia mpaka Kagunga.

Wakati wa likizo Mwalimu alikaa kuandika jibu la mfano. Alijaza kurasa tatu bila kupata. Ndipo alipokumbuka kwamba swali lake la zamani lilitumia namba 0 hadi 8. Aliona sifuri itawachanganya watoto, akaanzia moja, wala hakulifanya upya. Akatafuta karatasi yangu, akasoma ile mistari miwili.

Angeweza kutuma barua. Alipanda boti pale Kibirizi akaja Kagunga, akamkuta baba anageuza dagaa mchangani. Baba aliitikia salamu na kuendelea na kazi. Mwalimu akasema, majirani wakisikia, kwamba sifuri aliisoma mbele ya watu, kwa hiyo na kosa lake atalisema mbele ya watu. Akaokota mawe tisa: matano meusi badala ya namba witiri 1, 3, 5, 7 na 9, na manne meupe badala ya shufwa. Akaeleza kwamba mstari ukiwa na meusi mawili, au usiwe na jeusi hata moja, jumla yake ni shufwa. Ukiwa na moja au matatu, umeharibika. Akamwomba baba apange.

Baba si mtu wa kushindwa na mawe. Alipanga mawili mstari wa juu, mawili wa kati, na la tano likaharibu wa chini. Akalihamisha, likaharibu wa kati. Alirudia mara nyingi, majirani wakimwelekeza kila mmoja kwa lake. Mwisho alibaki na jiwe moja jeusi mkononi, akasema hili popote utakapoliweka halikai.

Mwalimu akamjibu kwamba hivyo ndivyo binti yake alivyoandika.

Baba akauliza boti ya kwenda Kigoma inaondoka saa ngapi. Mwenyewe akaenda kulifunga godoro langu.

Tangu mwaka ule Mwalimu hajasoma alama za mtoto yeyote hadharani, na karatasi iliyoandikwa haiwezekani huisoma mara mbili. Idara ninayokabidhiwa Julai hii nitaiendesha hivyohivyo.

Mwalimu, idara nzima inakushukuru, na inakuombea afya na siku nyingi za furaha huko Mwandiga pamoja na mkeo, Mama Bariki. Langu mwenyewe ni hili: nilikuwa na miaka kumi na sita, na ulikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia kwamba yeye mwenyewe amekosea. Asante kwa kuja Kagunga.