Dkt. Marcelo Mahona na Kaburi la Peke Yake

Dkt. Marcelo Mahona alizaliwa Zagayu, Itilima, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Mzee Mahona na Mama Minza. Utotoni alichunga ng'ombe, ingawa si kwa sifa: akianza kuwauliza wazee habari za zamani, ng'ombe walikuwa wameshaingia kwenye mahindi ya watu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa na sekondari Mwanza, kisha akahitimu shahada ya historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981. Alibaki kufundisha huko mpaka alipostaafu mwaka 2016. Maisha yake yote alichunguza utumwa na kukomeshwa kwake. Alitaka hasa kujua watumwa waliobaki huku bara, kwenye kaya za watu, waliishije baada ya Waingereza kuupiga marufuku mwaka 1922. Aliwaambia wanafunzi wake, "Sheria ilimwacha mtu huru. Lakini nani alimwita ndugu?"

Swali hilo lilimrudisha nyumbani. Kwenye shamba letu la pamba, mbali na makaburi ya ukoo, kuna kaburi la Milembe, bibi yake Marcelo, aliyewazaa Mzee Mahona na mdogo wake, Mzee Nyanda. Marcelo alimuuliza Mzee Nyanda kwa nini bibi huyo alizikwa peke yake.

"Ng'wanawane, mwanangu, yule aliletwa na msafara akiwa mtoto, akanunuliwa," alijibu mzee. "Hayo yaishie hapa."

Hayakuishia hapo. Marcelo alifunga ndoa na Lucy katika Kanisa Katoliki, Bariadi, tarehe 8 Desemba 1984. Walipopata binti, akambatiza jina Milembe. Mzee Nyanda alichukia, na kwa miaka yote hakulitamka jina hilo. Alimwita tu "binti wa Marcelo".

Baada ya kustaafu alirudi kulima. Matuta yake yalipinda mpaka majirani wakamcheka, kwa kuwa alikataa plau ikaribie kaburi la bibi. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alifariki Mwanza, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, akiwa ameacha ombi moja: azikwe kando ya Milembe.

Ombi hilo lilitugawa. Katika kikao cha ukoo, Mzee Nyanda alisema, "Mnataka watu waseme sisi ni uzao wa mtumwa?"

Binti wa marehemu alimjibu kwa adabu, "Babu, sisi pia ni uzao wa aliyemnunua. Mbona hilo hatulionei haya?"

Tuliondoka bila kuafikiana, na tulihuzunika sana, kwani ilionekana Marcelo angenyimwa kitu pekee alichotuomba. Lakini asubuhi yake tulimkuta mzee shambani na jembe mkononi, ameshaanza kupima kaburi. Alimwona binti akija, akamwita, "Milembe, njoo. Baba yako atalala hapa, kwa mama yangu."

Ndiyo maana leo mmetembea mpaka huku, na tunawashukuru kwa kuvumilia jua.

Marehemu ameacha mjane, Lucy, watoto wawili, Milembe na Salvatory, wajukuu watano, dada yake, Monika, na baba yake mdogo, Mzee Nyanda.

Mungu awapumzishe kwa amani, wote wawili.