Dada Yetu Aliyejisahihisha kwa Maandishi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake anayemfuata nitawasomea maisha ya dada yetu, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa baba mpiga chapa na mama mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1974, na mwaka 1986 akatunukiwa shahada ya uzamivu ya saikolojia, jambo lililowafanya majirani wamletee watoto wenye kikohozi, naye akiwaeleza kwa upole kwamba udaktari wake hauna sindano.

Mwaka 1987 aliajiriwa chuo kikuu, akafanya utafiti katika kliniki ya waraibu wa pombe na dawa za kulevya, na Juni 1994 alichapisha makala iliyompa sifa, iliyosema kwamba wagonjwa saba kati ya kumi walikuwa wameacha kabisa baada ya mwaka mmoja.

Mwaka 1997, fundi viatu aliyewahi kutibiwa pale alimwuliza, huku akimshonea kandambili, "Mlihesabu waliomaliza. Sisi tuliotoka mlituweka wapi?" Dada alirudi kwenye mafaili, akakuta walioanza tiba walikuwa mia moja na ishirini, waliomaliza hamsini, na makala yake ilikuwa imewahesabu hao hamsini tu.

Kwa miaka miwili, yeye na muuguzi mmoja mstaafu waliwatafuta wale sabini mlango kwa mlango, wakawapata hamsini na wawili, kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuzikwa, saba hawakujulikana walipo, na wengi wa waliopatikana walisema walifukuzwa siku ile ile walipoteleza na kurudia ulevi mara ya kwanza.

Wenzake walimsihi aache yaliyopita, nasi nyumbani tulimshauri anyamaze, mimi nikiwa wa kwanza, naye akanijibu, "Aliyeandika ni mimi, wa kufuta ni nani?" Septemba 1999 alichapisha makala ya pili, iliyosema waliopona hawafiki wanne kati ya kumi, akacheleweshwa uprofesa kwa miaka sita, lakini mwaka 2001 kliniki iliacha kuwafukuza walioteleza, na yule fundi viatu akarudi, akateleza tena mara mbili, na mara zote mbili akapokelewa.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na shemeji yetu, fundi wa mitambo ya hospitali, ambaye alipomposa mara ya kwanza aliambiwa asubiri utafiti ukamilike, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, mwalimu wa hisabati.

Aliugua figo kuanzia Februari 2017, akasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akisahihisha kazi za wanafunzi akiwa kwenye mashine, hadi alipofariki Jumatano, tarehe 6 Novemba 2019, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa chuo, wakiwemo waliobishana naye, nanyi wa kliniki mliosimama nje mkiona haya kuingia, ingieni, familia imewawekea viti huku mbele.

Dada, umefanya kazi yako, sasa pumzika kwa amani.