Mwisho wa Stamena Usiguswe

Zdravka, zima redio. Na wewe Ognyan, weka simu chini ukae hapa ninapokuona. Msinikatize na habari za kupumzika, wanangu. Nitapumzika mpaka nichoke.

Nyumba hii ni yenu wawili. Mizabibu ya kijijini mgawane bila kukunjana mashati mbele ya majirani. Piano achukue Ognyan, pamoja na panya wake. Ila kuna kitu kimoja sikigawi, nacho ndicho kilichomleta jana mkurugenzi wa ukumbi wa muziki na maua kumi na mawili mkononi. Kumi na mawili, idadi ya kaburini! Mtu mzima, na shahada zake, hajui kwamba anayepumua hapelekewi maua ya shufwa.

Kazi ile niliyoitunga mnaijua. Marehemu rafiki yangu Lyuben aliandika riwaya ya Stamena, mjane aliyekataa kuhama kijiji chake kilipotakiwa kuzama chini ya bwawa la umeme. Niliisoma mara moja tu, nikaikuta imeshageuka fidla na zumari kichwani mwangu. Mwishoni maji yanapanda, kondoo wanakimbilia mlimani, na kengele za shingoni mwao zinafifia moja moja hadi kimya. Nami nikaandika hivyo hivyo: wapigaji wote wanaweka ala zao sakafuni, kila mmoja anatikisa kengele ya kondoo, kisha anaacha.

Kamati ya muziki ya serikali ya wakati ule ikaniita. "Ndugu mtunzi," mwenyekiti akasema, "mbona furaha ya bwawa haisikiki?" Nikamjibu, "Iko chini ya maji, ndugu mwenyekiti, piga mbizi." Kwa jibu hilo nikapelekwa kuimbisha watoto wa chekechea hadi nikastaafu, na kazi haikupigwa hata mara moja. Lyuben alikufa hajaisikia.

Serikali imebadilika, suti zimebadilika, swali ni lile lile. "Maestro," huyu wa jana ananiambia, "mfadhili wetu ni kampuni ya umeme. Tuongeze dakika mbili tu za tarumbeta, watu watoke wamechangamka." Wanaotaka kuchangamka, baa ziko wazi!

Usiinamishe uso, Ognyan. Najua tarumbeta ya kwanza katika okestra yao ni wewe, na hizo dakika mbili umeshaanza kuzifanyia mazoezi. Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Unazipiga vizuri mno, ndiyo maana naogopa. Umengoja maisha yako yote usimame peke yako mbele ya watu, na anayekunyima ni baba yako. Nikasirikie, ni haki yako. Lakini Stamena hakuhama, nami sihami.

Basi kazi hiyo namwachia Zdravka peke yake, kwa mihuri mitatu, maana katika nchi hii hata kifo bila muhuri ni uvumi. Usicheke, binti yangu. Hujui noti hata moja, kwa hiyo hakuna atakayekulaghai kwa lugha ya kitaalamu. Atakayekuja, muulize kama mwisho umebaki ulivyo. Akianza na "Ndiyo, lakini," mpe kahawa, mfungulie mlango.

Na siku ikipigwa, Ognyan, uwe pale pamoja na wenzako. Hilo siamuru... naomba. Nipe mkono. Inua mto kidogo... hapo. Mungu awape mkate mezani, na watoto wasiowaogopa, na shingo ngumu... kama hii. Zdravka, usilie, nisikilize. Akirudi yule bwana... mwambieni mzee alifikiri sana... alifikiri, akasema... hapana.