Vyuma vya Pikapu ya Soudjay

Mwaka wa pili wa uhuru wa kisiwa chetu, ndani ya basi la kutoka mtaa wa Mahabibo kwenda ufukwe wa Amborovy, Soudjay alimfokea fundi Kamardine kwa Kikomori, na abiria wote tukasikia.

"Nilitaka vyuma vya kuzuia ekseli isijipinde mchangani. Wewe umevichomelea pikapu ikiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia! Sasa vyuma vinazizuia springi, hazibonyei hata kidogo. Mimi bwana harusi, na joho langu, nimerushwarushwa mpaka nikashuka, nikaingia kwa mke wangu kwa miguu!"

"Ulisema una haraka," alijibu fundi, akitazama dirishani.

"Haraka ya kuoa, si ya kuaibika!"

Basi likaingia shimoni, sote tukagonga paa kwa vichwa. Soudjay akamkazia macho fundi. "Na basi hili umelitengeneza wewe?"

Kamardine akasimama. "Dereva, nashuka hapa."