Fundi wa Vifaa Visivyouawa na Miale

Marehemu, binti yetu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1982. Hapana, baba yake, anayeandika haya, amekosea: ni 1981. Cheti kipo hapa mezani, na cheti hakizeeki.

Alianza shule mwaka 1988, akahitimu uhandisi wa umeme chuo kikuu mwaka 2006. Baba, aliyekomea darasa la saba, alisaini fomu zake zote bila kuelewa hata moja.

Mwaka 2009 aliajiriwa kwenye karakana ya mashine kubwa inayogonganisha chembe ndogo kuliko vumbi. Ikiwaka, haingii mtu. Miale yake huua hata chipu za kompyuta. Yeye alibuni vifaa vya kukaa mle ndani miaka, vikipima joto na umeme. Kila kipimo alikiweka mara tatu. "Baba, mmoja akirukwa na akili, wawili wanamkana."

Hata mchumba wake, fundi bomba, alipokuja kuposa, binti aliuliza watu watatu: mama, shangazi na baba. Baba peke yake alikataa, kwa sababu kijana alicheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe.

"Umeshindwa kura, baba."

"Kumbe uchaguzi umeingia hadi sebuleni kwangu!"

Walioana tarehe 18 Agosti 2012. Leo mkwe huyo ndiye anayemshika baba mkono asianguke.

Ugonjwa wa kusimulia hakuwa nao. Jumapili alisema kichwa kinagonga, labda miwani. Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, aliingia kazini akicheka na mlinzi. Karakana ile ina mwiko: aliyeinamia hadubini hasemeshwi, maana mkono ukishtuka kazi ya mwezi mzima inaharibika. Tangu saa nne asubuhi alikuwa ameinamia yake, na wenzake walimpita kwa kunyata. Mmoja alimwekea chai, akaondoka kimyakimya. Saa saba ndipo walipoona chai haijaguswa, naye ameshafariki. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Wenzake hawakufanya kosa, walimheshimu. Lakini jamani, saa tatu nzima!

Ameacha mume, binti wa miaka kumi, mama, shangazi na baba ambaye hadi sasa akisikia mlango hugeuka. Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe mwanetu.

Baba alimuuliza daktari, akawauliza na wenzake, kwa upole: mtu angemgusa bega saa nne ile, si angeitika?