Maua ya Mplamu Mwezi wa Tano

Sogeeni, wanangu. Otose, binti yangu, kaa upande wa sikio langu zima, na wewe Rokusuke, umekuwa mwanafunzi wangu miaka tisa, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Najua mmenuniana tangu asubuhi, na najua mnagombea jina langu. Kichwa changu leo kimevurugika, kwa hiyo nikienda kombo nirudisheni, ila msinikatize.

Kamedaya mchapishaji alikuja jana, au juzi, akanionyesha kibao alichokichonga ili achape picha yangu nikishakufa. Mmekiona: mimi nimekaa, na pembeni shairi langu la kuaga dunia, lile nililoliandika miaka kumi na miwili iliyopita nikiwa na afya yangu, maana katika kazi yetu ya uandishi mtu hangoji koo likauke ndipo atafute maneno ya mwisho. Lasema: theluji yayeyuka, mplamu wachanua uani kwangu, nami nafuata harufu yake. Sasa niambieni, nani aliyenidanganya kwamba nitakufa mwezi wa kwanza, mplamu unapochanua? Huu ni mwezi wa tano, mvua na joto pamoja, mbu wananila mchana kweupe, nami nitauzwa madukani nikiwa na theluji begani. Watu wa mji huu wa Edo watacheka mpaka walie, na ningekuwa hai ningecheka nao.

Lakini hilo ni dogo. Tangu Kamedaya aondoke nauona mplamu ule, naliona kabisa tawi lake lililopinda juu ya kisima, nikamwuliza Otose nani aliukata, naye akaniambia taratibu, "Baba, hapa kwetu hapajawahi kuwa na mplamu." Nikambishia. Nikamwita mwongo, unisamehe, mwanangu. Baadaye nikakumbuka kwamba kisima kile kilikuwa cha mwalimu wangu, Kanboku wa Kwanza, aliyenirithisha jina; au labda hata yeye hakuwa na kisima, labda ni picha tu katika kitabu chake nilichokinakili ujanani mpaka vidole vikafa ganzi. Sijui. Nimeandika habari za milima ambayo sikuipanda, na watu wameipanda na kitabu changu mkononi, wakarudi kunishukuru. Nilizaliwa Yohei, mtoto wa muuza tofu, ile jibini ya soya, wa mtaa wa Fukagawa. Siku niliyoitwa Kanboku nilifurahi kama niliyevishwa joho la hariri, nikalivaa miaka arobaini, na sasa nataka kulivua nami sijui mwili unaanzia wapi. Inaniogopesha, wanangu. Nitakapokufa, atakuwa amekufa nani?

Rokusuke, nisikilize bila hasira. Umenisagia wino, umebeba miswada yangu kwenye mvua, na unangoja kuwa Kanboku wa Tatu. Vile vitabu vitatu vya mwisho, vya visa vya yule muuza samaki mbishi, vilivyowafanya wakodishaji vitabu wasukumane mlangoni petu, sikuviandika mimi. Kalamu ilikuwa imenishinda. Nilimwambia Otose aandike ninavyosema, kisha nikasinzia, nikiamka nakuta kurasa zimeongezeka, nazisoma, nacheka peke yangu, nasema kumbe Kanboku bado yumo. Ulipoapa kwamba hivyo ndivyo vitabu vyangu bora kuliko vyote, nilizipokea sifa, na aibu hiyo naitua leo mbele yako. Jina ni la Otose. Wakiuliza mwanamke ataitwaje Kanboku, waambieni hata Yohei alishangaa alipoitwa hivyo. Wewe chukua jiwe langu la kusagia wino na vitabu vyote vya mwalimu, na ujitafutie jina jipya lisilo na maiti ndani yake. Mimi sikupata bahati hiyo. Usilie. Au ni mimi ninayelia?

Nipeni maji. Harufu hii ni ya nini? Masambia. Yameiva, eeh? Msambia wa marehemu mama yako, Otose. Oyone alitema kokwa pale uani akiwa na mimba yako, mti ukaota, majirani wakaja kutuambia tuukate, eti msambia wa nyumbani huita wagonjwa, naye akawajibu, "Waje tu, nitawachemshia chai ya majani yake." Nimekaa kwenye kivuli chake miaka ishirini nikiandika habari za miplamu. Nimekula matunda yake kila mwaka, juisi ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na sijauandikia hata neno moja, kwa sababu mwalimu hakuwahi kuutaja. Mti ule niliuona kwa macho yangu. Haukutoka kitabuni mwa mtu.

Mwambieni Kamedaya akirande kibao, aondoe theluji na mplamu wake. Otose, shika kalamu, andika.

*Kokwa la mke wangu:*
*leo kivuli chake*
*kimenifika miguuni.*

Si zuri sana, najua. Usilitengeneze. Umenitengenezea mengi, mwanangu, hili liache lilivyo.

Kaburini andikeni Yohei, basi. Pataneni, nyinyi wawili. Someaneni kazi zenu, mkosoane bila kuoneana. Nawatakia wino usiokauka na... na watu wa kuwachekesha. Leteni mikono. Huu wa nani? Una baridi. Una harufu ya masambia.

Oyone. Wale wagonjwa waliosemwa na majirani... amekuja mmoja. Bandika maji ya chai.